Kupe ni Adui wa Askari na Mbwa Wake

Gari linapofika kwenye lango la hoteli kubwa mjini Kigali, au kwenye Jumba la Mikutano lililofunguliwa mwaka 2016, husimamishwa kwanza. Askari hufungua buti, hutazama chini ya gari kwa kioo, na mara nyingine mbwa huletwa akalizunguka gari lile, akinusa magurudumu na milango. Kazi hiyo haichukui muda mrefu. Abiria huendelea na shughuli zake, asifikiri tena juu ya mbwa yule. Lakini sisi leo twataka kufikiri juu yake, kwa sababu katika dakika zile chache usalama wa watu wote waliomo jumbani huwa umewekwa katika pua ya mnyama mmoja.

Mnyama huyo ana adui. Adui huyo hana bunduki wala bomu. Ni kiumbe mdogo, pengine mdogo kuliko punje ya mtama, ambaye hupanda mguuni mwa mbwa akiwa nyasini au akiwa amelala bandani, akatafuta mahali penye ngozi laini, akauma na kutulia. Huyo ni kupe, ambaye ndugu zetu wa Rwanda humwita uburondwe. Mbwa wa kazi aliyefunzwa kwa miezi mingi na kwa gharama kubwa aweza kuangushwa na kupe mmoja katika juma moja. Basi yafaa sisi sote tulio na mbwa, kambini, kituoni, langoni au nyumbani, tumjue adui huyo, njia zake, na namna ya kumshinda.

MBWA KATIKA MJI WA KIGALI

Kabla ya kuendelea, yatubidi tukumbuke historia ya mbwa katika mji huu, maana historia hiyo si ya kawaida. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa wengi waliachwa bila wenyewe, na wakala miili ya wafu iliyokuwa imetapakaa kila mahali. Askari waliosimamisha mauaji yale waliwapiga mbwa hao risasi, na kwa muda mrefu baadaye sauti ya mbwa ilikuwa jambo la nadra mjini. Mtu aliyeona mambo hayo hawezi kulaumiwa akimwogopa mbwa au akimchukia hata leo.

Lakini mbwa amerudi. Polisi ya Taifa ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 2000, ina kikosi chake cha mbwa wanaotafuta mabomu na dawa za kulevya. Katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera, mbwa hufuatana na walinzi kuwasaka majangili. Nyumba nyingi za Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro zina mbwa wa ulinzi. Na mji uliowapokea wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola mwezi Juni 2022, kisha mashindano ya dunia ya baiskeli mwezi Septemba 2025, ni mji unaohitaji pua hizo.

Hata hivyo, ujuzi wa kumtunza mbwa haurudi kwa siku moja. Vijana wengi walikua bila mbwa nyumbani. Ng'ombe wanamjua vizuri. Mfugaji wa Rwanda anajua habari za ikibagarira, ile homa ya kupe inayoua ndama, na anajua kwamba ng'ombe asiyenyunyiziwa dawa hana maisha. Lakini utamkuta mfugaji huyo huyo akimwosha ng'ombe wake kwa dawa kila juma, na mbwa wake amefungwa langoni, masikio yamejaa kupe kama shanga. Si kwamba hana huruma. Hakuna aliyemwambia kwamba mbwa naye ana homa zake za kupe.

KUPE ANAVYOISHI

Kupe hupita katika hatua nne: yai, mtoto mwenye miguu sita, kijana mwenye miguu minane, na kupe mzima. Katika kila hatua baada ya yai hana budi kunywa damu mara moja kabla ya kuendelea na hatua nyingine. Kupe mwenye madhara zaidi katika mabanda ni yule wa kahawia ambaye amezoea mbwa karibu katika nchi zote zenye joto duniani. Huyu hunywa damu ya mbwa katika hatua zote tatu. Akishiba huanguka, hujificha katika ufa wa ukuta au chini ya ubao, hukua, kisha humrudia mbwa yule yule au jirani yake.

Jike akishiba huvimba akawa kama punje ya haragwe. Huanguka, hutaga mayai hadi 4,000 hivi mahali pamoja, kisha hufa. Kupe mzima aweza kukaa miezi mingi bila chakula akisubiri mbwa apite. Ndiyo maana banda lililokaa tupu miezi kadhaa, likaingizwa mbwa mgeni, humletea mbwa huyo kupe siku ile ile.

Yuko pia kupe wa manjano wa mbwa anayepatikana katika nchi zetu za Afrika. Huyu hupenda zaidi nyasi na vichaka. Watoto wake huishi kwa panya wa porini, na ni kupe mzima ndiye amtafutaye mbwa. Kwa hiyo mbwa wa bandani huvamiwa na kupe wa kahawia, na mbwa wa doria huvamiwa na wote wawili.

Hali ya hewa ya Kigali nayo huwasaidia. Mji uko juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, lakini hauna baridi ya kuua kupe. Mvua za masika, toka Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Desemba, huotesha nyasi mabondeni na kandokando ya njia. Hakuna mwezi ambao mwenye mbwa aweza kusema sasa kupe wamelala.

MAGONJWA MATATU

Kupe mwenyewe hunyonya damu kidogo tu. Ubaya wake ni mate anayoyaacha mwilini mwa mbwa, kwa kuwa ndani ya mate hayo mna vimelea. Tutayataja magonjwa matatu.

La kwanza ni homa ya babesia. Babesia ni kimelea kinachoingia katika chembe nyekundu za damu, kikazaana humo na kuzipasua, karibu kama afanyavyo kimelea cha malaria kwa binadamu. Jina lake latokana na Victor Babeș, mtaalamu wa Romania aliyekiona katika damu ya ng'ombe mwaka 1888. Mwaka 1901, Charles Lounsbury alionyesha huko Afrika Kusini kwamba homa hiyo ya mbwa huletwa na kupe. Aina ya babesia ienezwayo na kupe wa manjano katika Afrika ndiyo kali kuliko zote zinazojulikana kwa mbwa. Mbwa hushikwa na homa, hukataa chakula, fizi zake hugeuka kuwa nyeupe, na mkojo wake huwa mwekundu au mweusi kama kahawa. Pengine macho huwa ya manjano. Asipotibiwa aweza kufa katika siku chache, na kwa watoto wa mbwa muda huo ni mfupi zaidi.

La pili ni ugonjwa wa erlikia. Kwa kusema kweli, erlikia si kimelea cha aina ya babesia. Ni bakteria mdogo sana akaaye ndani ya chembe nyeupe za damu, zile ambazo ni askari wa mwili. Aligunduliwa mwaka 1935 nchini Algeria katika mbwa waliojaa kupe. Ugonjwa huu ni wa hila. Juma mbili au tatu baada ya kuumwa, mbwa hupata homa, hulegea, tezi huvimba. Kisha aonekana amepona. Mwenyewe hufurahi. Lakini erlikia amejificha, na aweza kukaa hivyo kwa miezi au miaka. Siku moja mbwa huanza kukonda, damu humtoka puani, madoa ya damu huonekana tumboni, na kidonda kidogo hakikauki. Hapo kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa kimekwisha haribika, na dawa husaidia kwa shida sana.

La tatu ni hepatozuni. Huyu huingia kwa njia ya ajabu, kwani mbwa hamwambukizwi kwa kuumwa na kupe, bali kwa kumla kupe. Mbwa anapojitafuna mguu kwa sababu ya mwasho, akamponda kupe kwa meno na kummeza, humeza na vimelea. Mbwa wengi hawaugui sana kwa hepatozuni peke yake. Lakini akikutana na babesia au erlikia katika mwili mmoja, mzigo huwa mkubwa. Na kwa kuwa kupe mmoja aweza kubeba zaidi ya ugonjwa mmoja, kukutana huko si jambo la nadra.

YALIYOWAPATA MBWA WA VITA

Huenda askari akasema: hayo ni mambo ya madaktari wa mifugo, yanatuhusu nini sisi? Jibu lake limo katika historia ya majeshi yenyewe.

Mwaka 1963, mbwa wa jeshi la Uingereza waliokuwa Singapore walianza kufa kwa ugonjwa usiojulikana. Walitokwa na damu puani, wakakonda, wakafa. Miaka michache baadaye jambo hilo hilo likatokea Vietnam, ambako Wamarekani walikuwa na mbwa wengi wa ulinzi, wa doria na wa kunusa mitego. Toka mwaka 1968 ugonjwa uliwapiga mbwa hao vibaya sana, hasa wa aina ya German shepherd. Mbwa zaidi ya 200 walikufa. Hesabu hiyo haiwataji wale waliobaki hai lakini hawakufaa tena kazi.

Tufikiri maana yake. Askari aliyekuwa akitangulia mbele ya kikosi usiku, akimtegemea mbwa wake amwonye juu ya waya wa mtego, aliamka akamkuta mbwa amelala katika damu. Doria ile ilikwenda bila mbwa, au haikwenda. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba muuaji alikuwa erlikia, na kwamba aliletwa na yule kupe wa kahawia wa mabandani. Majeshi yenye ndege na mizinga yalikuwa yamepigwa na kiumbe aliyejificha katika nyufa za mabanda yao wenyewe.

Mbwa waliohudumu Vietnam walikuwa kama 4,000. Wengi mno hawakurudishwa kwao. Walihesabiwa kuwa vifaa vilivyozidi, na hofu ya ugonjwa ule ikawa sababu mojawapo ya kuwaacha. Jambo hilo liliwaumiza askari waliokuwa wameishi nao, na lawama zake hazijaisha hata leo. Kupe aliyepuuzwa bandani aliwagharimu mbwa hao hata njia ya kurudi.

SIMBA WA SERENGETI, NA PAKA WA NYUMBANI

Tuna mfano mwingine, wa karibu zaidi na sisi, na huu wahusu jamaa wa paka.

Mwaka 1994, simba wa Serengeti, ng'ambo ya Akagera, kaskazini mwa Tanzania, walianza kufa kwa wingi. Karibu theluthi moja ya simba wa eneo hilo walitoweka. Mwaka 2001 simba wa kreta ya Ngorongoro nao walipata msiba kama huo. Virusi vya ugonjwa wa distempa, ambao hutokea kwa mbwa, vilionekana katika miili yao. Lakini wataalamu walishangaa, maana virusi hivyo vilikuwa vimepita kwa simba hao mara nyingine bila kuua. Walipochunguza damu iliyohifadhiwa waligundua jambo la pili. Miaka ile ilikuwa imetanguliwa na ukame mkali. Nyati walidhoofika, kupe wakajaa juu yao, na simba waliowala nyati hao wakapata kupe na babesia kwa wingi usio wa kawaida. Distempa iliporegeza kinga ya mwili, babesia ambaye siku zote simba humvumilia aligeuka muuaji.

Somo lake ni hili: kimelea cha kupe aweza kukaa kimya katika mwili wenye nguvu, akingoja siku ya udhaifu. Mbwa anayefanyishwa kazi bila kupumzika, asiyepewa chakula cha kutosha, mwenye minyoo, au asiyechanjwa dhidi ya distempa, ni kama simba yule wa mwaka wa ukame. Na Rwanda, ambayo iliwarudisha simba Akagera mwaka 2015, ina sababu nyingine ya kutaka mbwa walioko kandokando ya hifadhi wachanjwe na kutunzwa vizuri.

Ama paka wa nyumbani, yeye hujilamba mchana kutwa na huwaondoa kupe wengi mwenyewe. Hata hivyo aweza kupata babesia wa aina yake, ambaye amejulikana sana Afrika Kusini. Lakini hatari kubwa ya paka katika jambo hili hutoka kwetu sisi. Dawa nyingi za kupaka mbwa zina pemethrini. Mbwa huivumilia, paka haiwezi. Paka aliyepakwa dawa hiyo hutetemeka, hushikwa na degedege, na aweza kufa. Basi dawa ya mbwa asipakwe paka hata tone moja, na paka asilale pamoja na mbwa aliyepakwa dawa hiyo mpaka ikauke kabisa.

UKAGUZI WA JIONI

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe tulilokusudia kusema. Silaha ya kwanza dhidi ya kupe ni vidole vya askari, kila siku, bila kukosa.

Sababu yake ni hii. Kupe akiuma leo asubuhi, babesia hawi tayari kutoka mara moja. Huchukua muda, kwa kawaida siku moja hadi mbili au zaidi, akikomaa katika tezi za mate za kupe. Kupe aliyeondolewa jioni ile ile kwa kawaida huwa hajafanya ubaya huo. Erlikia ana haraka zaidi, naye aweza kupita katika saa chache. Kwa hiyo ukaguzi wa mara moja kwa juma ni kazi bure. Ukaguzi wa kila jioni huokoa mbwa wengi, na ukaguzi wa mara tu baada ya kutoka nyasini huokoa wengi zaidi. Kila askari anajua kwamba bunduki husafishwa baada ya kazi, hata kama haikufyatuliwa. Na mbwa ni vivyo hivyo.

Mkalishe mbwa mahali penye mwanga. Anza kichwani: ndani ya masikio na nyuma yake, kwenye kope, midomoni na chini ya kidevu. Vua ukanda wa shingo utazame chini yake. Pitisha vidole kwapani, kifuani, kinenani na chini ya mkia. Mwisho chunguza kila mguu katikati ya vidole, maana hapo ndipo kupe wadogo hujificha. Sugua kinyume cha manyoya. Kupe mdogo utamhisi kabla hujamwona.

Ukimpata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole na kwa nguvu sawasawa mpaka aachie. Usimpake mafuta ya taa, usimchome kwa sigara, wala usimponde kwa kucha. Kupe anayeteswa aweza kutapika mate yake ndani ya kidonda, na damu ya kupe aliyepasuka yaweza kuingia katika mkwaruzo wa mkono wako. Mtumbukize katika chupa yenye spiriti, osha kidonda, kisha osha mikono kwa sabuni.

Wakati huo huo tazama fizi. Fizi za mbwa mzima ni za waridi. Ukizibonyeza kwa kidole huwa nyeupe, na rangi hurudi katika muda wa sekunde mbili hivi. Fizi nyeupe kama karatasi ni kengele ya hatari. Tazama mkojo. Pima joto la mwili ikiwa mbwa amelegea: akiwa ametulia, zaidi ya nyuzi 39.5 ni homa. Na kumbuka kwamba mbwa mwenye homa huhema kwa mdomo, na mbwa anayehema kwa mdomo hanusi sawasawa. Atalipita begi lenye hatari, na wewe utadhani ni salama.

Kila kikosi kiwe na daftari. Iandikwe tarehe, jina la mbwa, kupe wangapi, walipatikana wapi, mbwa alikula au hakula. Daftari hilo litamwonyesha daktari katika dakika moja yale ambayo damu peke yake huenda isimwonyeshe.

BANDA, NYASI NA DAWA

Kumsafisha mbwa na kumrudisha katika banda chafu ni kuteka maji kwa pakacha. Nyufa za ukuta na sakafu zizibwe kwa saruji, maana ndizo handaki za kupe. Kitanda cha mbwa kiinuliwe juu ya sakafu. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto. Kuta zinyunyiziwe dawa iliyoidhinishwa, na zirudiwe baada ya majuma machache, kwani mayai yaliyosalia huanguliwa baada ya dawa ya kwanza. Nyasi za kuzunguka banda zikatwe ziwe fupi. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wananchi wa Rwanda hutoka kufanya umuganda. Hakuna siku iliyo bora kwa kambi na majirani zake kukata nyasi pamoja, maana kupe hajui mpaka wa uzio.

Siku hizi ziko dawa za mbwa za aina nyingi: za kumwagia mgongoni, mikanda ya shingo yenye dawa, na vidonge ambavyo nguvu yake hukaa mwezi mmoja au hata mitatu. Zote ni nzuri zikitumiwa kama daktari alivyoagiza. Lakini vidonge humwua kupe baada ya kuuma, kwa hiyo havifuti kazi ya vidole. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa mbwa kwa kukisia. Mbwa wengi wametiwa sumu kwa wema wa namna hiyo.

Mbwa akiugua, asipigwe sindano kwa kubahatisha. Tone la damu kutoka ncha ya sikio, likapakwa juu ya kioo, likatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, laweza kumwonyesha daktari babesia akiwa ndani ya chembe nyekundu. Ni muhimu kujua, kwa sababu dawa hazifanani. Babesia hutibiwa kwa sindano za diminazini au imidokabu. Na diminazini ikizidi kipimo huharibu ubongo wa mbwa. Erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini, na dozi yake hutolewa kwa muda wa kama majuma manne. Mbwa huonekana mzima baada ya siku chache, na hapo askari wengi huacha dawa. Huko ni kumwachia adui nafasi ya kujipanga upya. Rwanda ina maabara ya mifugo Rubirizi, na vijana husomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Wataalamu wapo, ila lazima waitwe mapema.

ASKARI NAYE AJIHADHARI

Mwisho, askari asidhani kwamba kupe humtaka mbwa peke yake. Babesia na erlikia wa mbwa tuliowataja kwa kawaida si wagonjwa wa kumpata binadamu, lakini kupe hao hao na jamaa zao hubeba homa nyingine zinazotupata sisi. Mwaka 1992, askari wa Marekani waliokuwa mazoezini Botswana waliugua kwa wingi homa ya kuumwa na kupe: kichwa kuuma, tezi kuvimba, na kidonda kidogo cheusi mahali walipoumwa. Homa ya namna hiyo hutibika kwa urahisi ikijulikana. Kwa hiyo askari atokaye doria porini, baada ya kumkagua mbwa wake, ajikague mwenyewe, magotini, kinenani na kwapani. Na akipata homa amwambie daktari kwamba aliumwa na kupe.

Ndugu zetu askari na polisi, maafande na wadogo wao, hatujawaambia jambo lenye kuhitaji fedha nyingi. Kibano ni kitu kidogo, chupa ya spiriti ni kitu kidogo, na dakika kumi za jioni ni kitu kidogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika habari hii ufa wenyewe ndimo anamokaa adui. Mbwa hawezi kusema kwamba anaumwa. Ataendelea kukufuata, atazunguka gari uliloelekeza, atanusa gurudumu ulilomwonyesha, mpaka miguu imshinde. Kwa kuwa yeye hawezi kuja kutoa ripoti, ripoti yake yaandikwa na vidole vyako. Leo jioni, kabla hujavua viatu, mvue mbwa wako ukanda wa shingo utazame chini yake.